Ukishuka Kwenye Modeli, Shuka na Mizigo Yako

Jumatano iliyopita nilikuwa kwenye mwendokasi natokea Kimara, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye simu, ikaingia meseji ya msomaji. Naiweka kama ilivyokuja, nimetoa tu jina na mahali anapofanya kazi:

"Kaka, habari za asubuhi. Mimi ni programa, nina miezi saba kazini. Jana mkuu wa timu kakuta nimeandika SQL mbichi kwenye mradi wetu wa Laravel. Kaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, wote wakacheka. Kasema siku hizi watu wanatumia modeli, SQL ni ushamba. Kaka, kwani ni kweli nimekosea?"

Kwa wasio wa fani: SQL ni lugha ya kuiuliza kanzidata, yaani ghala la data. Laravel ni fremuweki ya lugha ya PHP, zana zilizokwisha kutengenezwa za kujengea mifumo. Modeli ni kipande cha programu kinachosimama badala ya jedwali na kukuandikia SQL chenyewe; ukiiandika kwa mkono, ndiyo mbichi.

Nilitaka nimjibu mistari miwili nirudi kwenye mambo yangu. Tumefika Magomeni naandika, tumefika Fire naandika, nashuka Gerezani bado naandika. Nikafuta yote. Huyu namjibu hapa, maana najua mko wengi, na kicheko hicho mimi naijua sauti yake.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni ndogo maeneo ya Sinza, ghorofa ya pili, chini yetu duka la vipodozi. Wiki ya tatu nikapewa kazi ya kutoa orodha ya wateja wenye madeni. Nikaandika amri moja ya SQL, majedwali manne yameunganishwa, majibu yakatoka safi. Nikajiona. Chuoni SQL ndiyo ilikuwa somo langu, wenzangu walikuwa wanakuja chumbani kwangu usiku wa kuamkia mtihani niwaelekeze. Mkuu wetu akaigeuza skrini yangu waione wote, akauliza: "Jamani, huyu tumemtoa wapi?" Jina lake silitaji. Yupo, tunasalimiana. Lakini lile swali nimelibeba miaka minane sasa, na hata leo nikilikumbuka masikio yanapata moto.

Nikaapa. Tangu siku ile kila kitu nikakiandika kwa klasi na modeli. Mauzo ni klasi, bidhaa ni klasi, mteja ni klasi, vinaitana vyenyewe kwa vyenyewe, na SQL inaandikwa huko chini na fremuweki bila mimi kuiona. Na nisiwe mnafiki: ni raha. Unaandika `$mauzo->bidhaa->jina` na jina linakuja. Kodi yako (siyo ile ya TRA) inasomeka kama barua. Nikapanda vyeo, nikaacha kazi, nikaanza kuchukua kazi zangu mwenyewe. Miaka yote hiyo kama niliandika SELECT (amri ya kusoma data) kwa mkono wangu, basi ni mara tatu, tena kwa kujificha.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kariakoo.

Anauza vitenge na mashuka kwa jumla. Nilimtengenezea mfumo wa mauzo, baadaye majirani zake wawili wakautaka, nikaugeuza mfumo mmoja unaobeba maduka mengi. Kila kitu kilikwenda vizuri isipokuwa ripoti ya mwisho wa mwezi. Mama anabonyeza, kiduara kinazunguka. Anamhudumia mteja, anamfungia robota zima la vitenge, anapokea hela, anahesabu, anarudi kwenye kompyuta: kiduara bado kinazunguka. Karibu dakika nne. Nikasema ni mtandao. Nikasema ni kompyuta yake. Nilimshauri aongeze RAM kwenye ile kompyuta ya dukani, akaongeza, akalipa hela yake. Mungu anisamehe, maana ripoti ilikuwa inapikwa kwenye seva, na kompyuta ya dukani haikuwa na kosa lolote.

Siku nilipoamua kuangalia, niliwasha `DB::listen` ili kila amri inayokwenda kwenye kanzidata iandikwe kwenye faili. Nikabonyeza ripoti mara moja. Faili likajaa. Mwezi ule ulikuwa na mistari ya mauzo kama 6,000. Modeli zangu nzuri zilikuwa zinaleta mauzo yote kwa amri moja, halafu kwa kila mstari zinakwenda tena kuuliza bidhaa yake ni ipi, zinakwenda tena kuuliza mteja wake ni nani. Hesabu mwenyewe: 1, jumlisha 6,000, jumlisha 6,000. Amri 12,001 kwa ripoti moja. Wenyewe wanaliita tatizo la N+1. Mimi naliita kumtuma mtoto dukani akalete kiberiti, akirudi unamtuma chumvi, akirudi unamtuma kitunguu, halafu unashangaa mboga haijaiva.

Najua mjuzi mmoja ameshaanza kuandika maoni hapo chini: "Si ungetumia `with()` tu?" Nilitumia; inaleta bidhaa zote kwa mkupuo mmoja na wateja wote kwa mkupuo mmoja. Amri zikashuka kutoka 12,001 hadi tatu, nikacheka peke yangu. Halafu nikajaribu ripoti ya mwaka mzima na PHP ikanitupia ule mstari wake maarufu, kumbukumbu ya baiti 134217728 imekwisha. Namba hiyo ni megabaiti 128, na kila aliyewahi kufanya kazi na PHP anaifahamu kama namba ya simu ya nyumbani. Nilikuwa naumba vitu elfu na elfu kwenye kumbukumbu, kila kimoja na mapambo yake yote, ili mwisho nivijumlishe nipate namba moja halafu vyote nivitupe. Kujumlisha ni kazi ambayo kanzidata imezaliwa nayo. Na mama alitaka pia salio linalotembea, yaani baada ya kila siku kila bidhaa imebaki kiasi gani. Kwenye MySQL 8.0, kanzidata tunayotumia, hiyo ni `SUM() OVER` na `PARTITION BY`, basi. Kwa modeli ningekesha.

Nikarudi kwenye SQL mbichi. Jioni tatu, chai ya tangawizi, umeme ukakatika mara moja. Ripoti ikashuka kutoka dakika nne hadi sekunde moja na ushee. Niliibonyeza mara kumi mfululizo bila sababu yoyote, naangalia tu inavyoruka. Nilimkumbuka yule mkuu wa Sinza. Nikatamani awepo.

Basi hapo ndipo Mungu hukuonyesha kwamba wewe ni mtu tu.

Tarehe moja ya mwezi uliofuata mama akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ripoti yako mpya ina mbio kweli. Sasa nionyeshe hela iko wapi."

Nikaenda dukani. Mama ana daftari lake kubwa la kaunta, ganda gumu, kona zimelika, na kila jioni anajumlisha kwa kalkuleta na kupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Miaka yote na mfumo wangu hajaliacha. Aliliweka mezani, akaweka kidole chini ya jumla ya mwezi, halafu akaweka kidole kingine kwenye skrini. Ripoti yangu ilizidi daftari kwa shilingi 2,400,000. Hakugomba. Alisema tu, "Milioni mbili na laki nne, kama imeingia, basi imo kwenye droo. Fungua droo." Na akaifungua kweli, mbele ya wateja.

Nilikaa kwenye robota la mashuka na laptopu magotini. Jibu lilinichukua kama dakika ishirini na lilikuwa safu moja tu: `deleted_at`. Kwenye Laravel ukiweka `SoftDeletes`, mauzo yaliyofutwa hayafutiki kikweli. Yanawekewa tarehe ya kufutwa, na modeli kila inapouliza inaongeza yenyewe kimyakimya sharti la `deleted_at` kuwa tupu. Miaka yote lile sharti lilikuwepo na mimi sikuwahi kuliandika hata mara moja. Nilipoandika SQL kwa mkono, halikuwepo mtu wa kuniongezea. Vijana wa dukani wakikosea risiti wanaifuta na kuandika nyingine. Ripoti yangu yenye mbio ilikuwa inahesabu zote mbili.

Jambo nililotaka kukwambia, mdogo wangu uliyeniandikia, ni hilo. Modeli ni kama konda mwema. Umepanda Mbagala na ndoo, na mfuko wa mkaa, na mtoto. Yeye ndiye aliyevipakia, yeye anajua viko wapi, ukifika kituoni anavishusha. Siku unaposema "acha, nashuka mwenyewe", ni haki yako kushuka. Lakini ndoo itakwenda hadi Kariakoo. SQL mbichi inakupa mbio kwa sababu haikubebei kitu. Kwa hiyo kabla ya kuandika hata SELECT, kaa chini uorodheshe modeli yako ilikuwa inakufanyia nini kimyakimya.

Mimi baada ya aibu ile nilidhani nimeorodhesha vyote. Tulikuwa na binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, mwaka wa tatu, mpole, hasemi mpaka aulizwe. Nikampa amri yangu iliyosahihishwa, ya ripoti ya bidhaa zinazouzika zaidi, aisome, kwa kumfundisha tu, nikijiona mwalimu. Akasoma, akanyamaza. Nikamwuliza vipi. Akasema, "Samahani kaka, hapa inajuaje kwamba ni duka la nani?"

Haikuwa inajua. Kuchuja kwa duka nilikuwa nimekuweka kwenye modeli kama sharti la jumla, ili kila duka lione mauzo yake peke yake. SQL mbichi inalipita sharti hilo kama inavyolipita lile la kufutwa. Zile ripoti mbili nilizotangulia kuzirekebisha zilikuwa na `duka_id` kwa bahati tu, kwa sababu zilikuwa zinaanza na jina la duka. Hii ya bidhaa zinazouzika zaidi haikuwa nayo. Ingepanda hewani usiku ule, mama angeamka anaona jirani yake anauza kitenge gani na kwa bei gani. Pale Kariakoo hiyo hawaiiti hitilafu ya programu. Wanaiita vita. Nilimnunulia binti chipsi mayai, na kusema kweli nilistahili kumnunulia kuku mzima.

Amri yenyewe ilivyokuja kutulia ni hivi:

SELECT b.jina, SUM(m.kiasi * m.bei) AS jumla
FROM mauzo m
JOIN bidhaa b ON b.id = m.bidhaa_id
WHERE m.duka_id = ?
  AND m.deleted_at IS NULL
  AND m.created_at >= ? AND m.created_at < ?
GROUP BY b.id, b.jina
ORDER BY jumla DESC

Angalia kwamba bidhaa sikuziwekea sharti la kufutwa. Kitenge ambacho mama ameacha kukileta bado kilimwingizia hela mwezi ule. Vitu kama hivi modeli isingekuuliza. Ukiandika mwenyewe unalazimika kuamua, na hapo ndipo SQL mbichi inanifurahisha.

Zile alama za kuuliza, sasa. Nitazisema kwa ukali kidogo. Thamani yoyote inayotoka kwa mtumiaji ipitishe kwenye alama ya kuuliza, `DB::select($sql, [$dukaId, $mwanzo, $mwisho])`, usiigandishe ndani ya maandishi ya amri. Wengi mmesoma habari za wadukuzi mkaona hizo ni za wenzetu wa Marekani, nani atamdukua muuza vitenge. Haya, mimi sikudukuliwa. Kijana wa dukani alitafuta mteja kwa mtaa, akaandika Narung'ombe, na mfumo ukaanguka na kosa namba 1064. Ile alama ya juu kwenye ng' ndiyo ileile inayofunga maandishi kwenye SQL. Akaandika Ng'ombe, ukaanguka. Kiswahili chenyewe kinakudukua! Ukitumia alama ya kuuliza, Narung'ombe inapita salama kama Uhuru au Msimbazi. Jambo moja tu alama hiyo haiwezi: jina la safu. Kama unamruhusu mtu achague kupanga kwa bei au kwa jina, weka orodha ya majina unayoyakubali, linalokuja nje ya orodha likatae.

Tarehe ndiyo ilinipa kichekesho. Laravel isipoguswa inaandika saa kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Ripoti ya zamani ilikuwa inazigeuza kwenye kodi kabla ya kugawa kwa siku. Kwenye SQL niliandika `DATE(created_at)` nikasahau. Mchana huoni tofauti. Lakini wiki ya kuamkia Idi mama anauza mpaka saa nane usiku, na yale mauzo ya baada ya saa sita yakawa yanahesabiwa siku ya nyuma. Nikaligundua mwenyewe, nikalirekebisha kwa fahari, nikampigia mama kumweleza. Akanisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, mauzo ya saa saba usiku ni ya jana. Sijalala bado." Seva yangu yenye kosa ilikuwa inakata siku saa tisa kamili ya usiku kwa saa za hapa kwetu, yaani mahali palepale ambapo mama anaikata. Nikarudisha kama ilivyokuwa, safari hii kwa makusudi, na nikaandika maelezo juu yake ili nisije nikajirekebisha tena. Tena achana na `DATE()` kwenye WHERE. Ukiifunika safu ndani ya kitendaji, MySQL inashindwa kutumia faharasa ya kawaida ya safu hiyo, inapitia jedwali zima. Weka mwanzo na mwisho kama nilivyoweka hapo juu, halafu tanguliza neno EXPLAIN mbele ya amri yako, MySQL ikuonyeshe itaitafutaje data. Ukiona kwenye `type` imeandikwa ALL na jedwali ni kubwa, rudi mezani.

Walioko kwenye Java na Python msidhani mmepona. `createNativeQuery` ya JPA (njia ya SQL mbichi kwenye modeli za Java) haiwekewi masharti yale uliyoyabandika kwenye klasi zako, na ukibadilisha data kwa SQL mbichi, vitu vilivyokwisha kupakiwa kwenye kumbukumbu vinaendelea kushika habari za zamani hadi uvisafishe au uvisome upya. `raw()` ya Django, fremuweki ya Python, inataka ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila mstari) uwemo kwenye majibu, vinginevyo inagoma. Na kote, Laravel ikiwemo, UPDATE ya mkono haiamshi matukio ya modeli: kama kumbukumbu ya nani kabadilisha bei inaandikwa na modeli, siku hiyo haiandikwi. Kwa hiyo mimi kwa SQL mbichi nasoma tu. Kuandika nawaachia modeli, labda iwe kazi ya usiku ya mistari maelfu, na hapo naifunga ndani ya muamala (yote ipite au yote irudi) na sili mpaka iishe.

Nimesema orodhesha. Narudia, orodhesha. Zilizofutwa, mwenye mali, saa, aina ya namba (jumla ya DECIMAL inakuja kama maandishi, usije ukailinganisha na namba kwa alama tatu za sawasawa ukashangaa). Weka amri zako kwenye klasi moja ya ripoti, zisizagae kwenye kila kontrola kama maganda ya machungwa stendi. Na linganisha jibu na kitu ambacho hukukiandika wewe. Daftari la mama limenikamatia makosa mengi kuliko majaribio yangu yote.

Nakuja kwa wakuu wa timu, maana najua mnasoma. SQL ilianza IBM, Chamberlin na Boyce wakaichapisha mwaka 1974 juu ya mawazo ya Codd ya mwaka 1970. Hibernate, ya modeli za Java, ilianza mwaka 2001. Laravel ni ya mwaka 2011. Mnamcheka bibi mbele ya mjukuu, na mjukuu huyo kila siku usiku anakwenda kula kwa bibi. Kijana akiandika SQL, isome. Kwa utulivu, kimoyomoyo, mwache akae pembeni yako. Kumgeuzia skrini watu wote waione hakumfundishi kitu. Mimi kulinifundisha kujificha, na kujificha kulimgharimu mama RAM na miezi ya kiduara.

Jana usiku nilimwandikia yule kijana kwamba hajakosea kuandika SQL, anitumie ile amri yenyewe niione. Akaituma saa tano na nusu. Imeandikwa vizuri, mpangilio safi, ina alama za kuuliza pale zinapotakiwa, ina uunganishaji ambao kwa modeli ungemtoa jasho. Nikaisoma mara mbili. Nikamwuliza: "Hilo jedwali la mauzo halina deleted_at?"

Alama mbili za bluu zikatokea. Akaandika, akaacha, akaandika tena.

"Ngoja niangalie kaka."